Maswali ya Wasomaji: Kikao cha Kusikilizana Kisigeuzwe Baraza

Barua za mwezi huu zimetoka Arusha na Moshi, na zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti, yaani namna ya kukaa pamoja baada ya ukatili kuupitia mtaa. Nimechagua nne. Majina yameondolewa, na mambo madogo yamebadilishwa ili mwandishi asitambulike kwa majirani zake.

Mama Mshauri, shikamoo. Ninaishi Sombetini, Arusha. Mwaka jana kijana wa jirani yangu alipigiwa kelele za mwizi karibu na kituo cha daladala, akapigwa na watu mpaka akafa kabla polisi hawajafika. Baadaye simu iliyodaiwa kuibwa ilikutwa chini ya kiti cha daladala. Mama yake hazungumzi na mtu. Mimi mwenyewe nikisikia watoto wakipiga kelele za mchezo, moyo unanienda mbio. Tuko wanawake wanane tunaotaka kukutana kila wiki ili tusaidiane, lakini mwenyekiti wa mtaa anataka tukutane ofisini kwake na muhtasari uandikwe. Mchungaji anasema tuanze na ibada ya msamaha. Na mmoja wa waliompiga yule kijana ametuma mtu kuuliza kama anaweza kuja na isale, lile jani la Kichagga la kuombea msamaha, kwa kuwa mama mfiwa ni mtu wa Kibosho. Hawa wote tuwajibu nini?

Marahaba mwanangu, na poleni sana wote. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye ile simu iliyokutwa chini ya kiti. Magazeti yetu yana msemo wa siku zote kwa matukio ya namna hiyo, “wananchi wenye hasira kali”, nao ni msemo mwepesi mno, kwa sababu unaficha jambo ambalo ninyi mnaamka nalo kila asubuhi: wananchi hao wana majina, wananunua nyanya katika genge lile lile mnalonunua ninyi, na watoto wao wanakaa dawati moja na wenu. Aliyeumizwa na mpita njia anaweza angalau kufunga mlango akaamini kwamba hatari imebaki nje.

Hao watatu wana nia njema, sina shaka, lakini kila mmoja anataka kikao chenu kifanye kazi ya kikao kingine. Mwenyekiti anataka baraza, mchungaji anataka ibada, na yule aliyeshiriki kumpiga marehemu anataka usuluhishi. Vyote hivyo vina mahali pake, na mitaa yetu haina upungufu navyo. Kinachokosekana ni mahali ambapo mtu aliyeumia anaweza kukaa na wenzake bila kutakiwa atoe ushahidi, asamehe, au hata aseme neno.

Tazama jinsi tunavyozika. Turubai hufungwa, viti hukodiwa, wanawake hulala chini sebuleni pamoja na mfiwa, na hakuna anayemhoji. Watu hukaa tu, mmoja akimenya ndizi, mwingine akimpokea mgeni, mwingine akiandika rambirambi kwenye daftari. Kisha matanga huanuliwa, arobaini hufika, turubai hurudi kwa mwenyewe, na mama anabaki na masufuria ya kuazima ambayo hajui atamrudishia nani. Hapo ndipo kikao chenu kinapopaswa kuanzia, na kwa adabu ile ile ya matanga, yaani kukaa kwanza.

Mwenyekiti mpeni taarifa, tena mapema, kwa maana wanawake wanane kukutana kila wiki bila uongozi wa mtaa kujua kutazaa maneno, na siku mtakapomhitaji afisa ustawi wa jamii, mwenyekiti au mtendaji ndiye atakayewaelekeza kwake. Lakini muhtasari usiandikwe. Karatasi yenye majina na maneno ya watu, katika mtaa ambamo waliofiwa na waliopiga wanapanga ndoo zao kwenye bomba moja, itasomwa na asiyestahili kuisoma. Tena, kama jalada liko polisi au kesi imekwisha kufika mahakamani, mashahidi walio miongoni mwenu wasisimuliane walichokiona siku ile. Sisemi wafiche; nasema wakili wa utetezi atawauliza mlikutana wapi na mlikubaliana nini, na ushahidi wa kweli utaonekana kama umefundishwa. Zungumzieni usingizi, watoto, njia mnazoogopa kuzipita, na namna mnavyojibu mtu anapowauliza habari za nyumbani. Hayo hayana wakili.

Mchungaji aje kama jirani, akae kwenye kiti kama wengine, au asije. Sombetini ina Waislamu na Wakristo ukuta kwa ukuta, na ibada ya upande mmoja itawafungia wengine nje kabla hamjaanza. Kuna sababu nyingine iliyo nzito zaidi: ibada ya msamaha inamwambia mama mfiwa mahali anapotakiwa kufika, ilhali yeye hajajua hata mahali aliposimama.

Kuhusu isale nitasema kwa urefu kidogo, kwa sababu wasomaji wasio Wachagga huenda wakaliona kuwa jani la kupandwa mpakani tu. Anayeletewa isale hutazamiwa kupokea ombi la msamaha, na kulikataa ni aibu kubwa mbele ya ukoo. Hiyo ndiyo nguvu yake, na hapa ndiyo hatari yake. Mkimruhusu mpigaji yule aingie na jani mkononi mbele ya wanawake wanane, mtakuwa mmemnyang’anya mama yule neno moja alilobaki nalo, neno “bado”. Kama siku ya isale itafika, wazee wa pande mbili wataipanga nje ya kikao chenu, baada ya mama mwenyewe kuulizwa akiwa peke yake na kujibu bila haraka. Na hata siku hiyo jani halitaifuta jinai, kwa sababu aliyeshiriki kuua anaendelea kudaiwa na sheria. Yule mpigaji naye huenda halali usiku, nami sitaki aachwe hivyo hivyo. Atafutiwe mtu wa kumsikiliza, lakini katika chumba kingine.

Sisi wa Arusha tuna mfano wa karibu wa tofauti ninayoisema. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwezi Novemba 1994 na kufungwa tarehe 31 Desemba 2015, ilisikiliza kesi zake hapa mjini, katika majengo ya kituo cha mikutano cha kimataifa, AICC, na ndiko Jean-Paul Akayesu alikotiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari tarehe 2 Septemba 1998. Kazi ya mahakama ni kuuliza: siku gani, saa ngapi, ulikuwa umesimama wapi, na shahidi hujibu hata kama koo limekauka. Lakini huko Rwanda kwenyewe, kuanzia mwaka 2005 katika eneo la Byumba, vilianza vikundi vya namna nyingine, vya majirani kati ya 10 na 15 wanaokutana mara moja kwa wiki kwa muda wa wiki 15, wakiongozwa na watu wa jamii yao wenyewe waliopewa mafunzo. Vikundi hivyo havikuanza na habari za 1994. Vilianza na suala la usalama, vikaja kwenye kuaminiana, kisha kutunzana na kuheshimiana, na kumbukumbu za yaliyotokea zikawekwa mwishoni. Ningependa muige mpangilio huo, hata kama wiki zenu hazitafika 15.

Nami nimewahi kuona mpangilio ukigeuzwa juu chini. Miaka mingi iliyopita nilialikwa kwenye kikao kilichoandaliwa na shirika moja ambalo sitalitaja. Mwezeshaji, aliyekuwa na fomu na kalamu, alimtaka kila mmoja asimulie “tukio lake” kwa zamu, kuanzia kushoto. Mwanamke aliyeketi mbele yangu hakumsikia hata msemaji mmoja. Nilimwona midomo ikihesabu viti vilivyobaki kabla ya chake. Zamu ilipokuwa imebakiza mtu mmoja, aliomba kwenda msalani. Mkoba wake ulikuja kuchukuliwa na mtoto jioni. Baadaye nilisoma kwamba tafiti zimeonyesha jambo lile lile: kumsukuma mtu asimulie yaliyompata katika kikao kimoja, muda mfupi baada ya tukio, hakumkingi na ugonjwa wa baadaye, na baadhi ya watu huzidi kuumia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia umejengwa juu ya vitenzi vitatu, tazama, sikiliza na unganisha, na kuhoji hakumo.

Sasa mambo ya mikono. Msikutane kwa mama mfiwa, maana atageuka mwenyeji, atachemsha chai ya watu na hataweza kuondoka akichoka. Msikutane ofisi ya mtaa. Chumba cha chekechea kinafaa sana Jumamosi alasiri, ingawa mtakaa kwenye viti vya watoto huku magoti yakigusa kidevu. Nimeona watu wazima wakicheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi kwa sababu ya viti hivyo. Msizidi 12. Anzeni saa tisa na mmalize saa kumi na nusu, ili kila mtu afike kwake kabla ya giza, kwa kuwa kwa mtu aliyeona alichokiona yule mama, njia ya jioni ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Wawepo waongozaji wawili, mmoja abaki na kundi pale mwingine anapotoka nje na mtu anayelia. Na mkubaliane tangu siku ya kwanza kwamba hakuna atakayeambiwa “ni mapenzi ya Mungu” na mtu asiyeulizwa.

Mkimwona mmoja wenu hali wala halali kwa wiki kadhaa, au anasema anatamani kumfuata marehemu, msingoje Jumamosi. Mfuateni siku hiyo hiyo, mmoja akae naye, na mpelekeni hospitali. Mount Meru ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa wenu. Kikao hakitibu kila kitu, na kikao kinachojua mpaka wake ndicho ninachokiamini.

Mama, shikamoo. Mimi ni dereva wa bodaboda Pasua, Moshi, nina miaka 26. Abiria wawili walinikata panga begani usiku wakachukua pikipiki ambayo hata mkataba sikuwa nimeumaliza. Kidonda kimepona na sasa naendesha ya mtu kwa hesabu, lakini abiria akijisogeza nyuma yangu mkono unatetemeka, na ikifika saa mbili usiku sipakii tena. Kijiweni wananitania kwamba nimekuwa mwanamwali. Mchumba wangu anataka niende kwenye kikundi cha kusaidiana, ila mimi siwezi kukaa kwenye duara nikalia mbele za watu.

Marahaba mwanangu. Hakuna aliyeandika popote kwamba lazima liwe duara, wala kwamba lazima ulie.

Nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 katika kitongoji cha Mbare, Harare. Nafasi ndani ya kliniki ilikosekana, hivyo kazi ikafanyika nje, kwenye benchi la mbao. Bibi hukaa na mgeni wake, husikiliza, kisha wawili hao huchagua tatizo moja tu la kushughulikia kwanza. Washona wana neno lao, *kufungisisa*, maana yake kufikiri kupita kiasi, na nadhani msomaji yeyote wa hapa atalitambua, kwa sababu ndiyo hali tunayoisema kwa neno moja: “mawazo”. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili chache za sonona na hofu kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Ninalotaka ulione ni lile benchi. Anayekaa kando yako hakukazii macho, na wanaume wengi niliowasikiliza katika maisha yangu walisema la maana wakiwa wametazama kitu kingine: mnyororo wa pikipiki unaopakwa oili, kete za drafti, barabara. Kijiwe chako tayari ni kikao, ila kinaendeshwa na wenye utani. Fanya hesabu ya kimyakimya: katika madereva wa kijiwe chenu, wangapi wamewahi kuporwa, kukatwa, au kumzika mwenzao? Nitashangaa ukikosa watatu. Mtafute mmoja wao saa nne asubuhi, abiria wakiwa wachache, umwambie maneno mafupi tu, “mkono bado unatetemeka, wewe ulifanyaje?”, halafu uendelee kukaza nati yako. Akikujibu kwa utani, mwache, umtafute wa pili. Usimtafute kwenye banda la mbege, ingawa najua huko ndiko ndimi zinakolegea, kwa sababu linalosemwa huko jioni hukataliwa asubuhi, na pombe juu ya usingizi mbovu huuharibu zaidi.

Mkono kutetemeka si woga. Mwili wako ulijifunza mara moja kwamba kusogea kwa abiria kunafuatwa na panga, nao hauwezi kusahau kwa kuamriwa. Kukataa abiria wa saa mbili usiku kwa sasa ni busara, na mwenye pikipiki aelezwe hivyo ili hesabu ya siku ipangwe upya. Lakini ikiwa miezi imepita na bado unaota tukio lile lile, au umeanza kukwepa hata barabara ya mchana, nenda hospitali ya Mawenzi au ya KCMC uulizie kitengo cha afya ya akili. Mchumba wako aende nawe, asibaki kukutuma tu.

Mama Mshauri, mimi ni mwalimu, naongoza kikundi cha wanawake waliopitia ukatili wa majumbani huko Moshono. Wiki hii, tulipokuwa tunakunja mikeka, mama mmoja alininong’oneza kwamba binti wa jirani yake, mwenye miaka 12, anafanyiwa ukatili wa kingono na ndugu anayeishi naye. Tuliapa kwamba yanayosemwa kikundini hayatoki. Sijalala.

Mwalimu, kiapo hicho kivunje leo, kabla hujamaliza kusoma gazeti hili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 95, inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa aziripoti kwa mamlaka ya serikali ya mtaa ya eneo husika. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii, au kwa Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Na kama hujui pa kuanzia, piga 116, namba ya huduma kwa mtoto, ambayo hailipiwi. Ikiwa tendo la mwisho ni la siku hizi, muda ni jambo la kufa na kupona, kwa sababu dawa za kinga dhidi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Polisi hutoa fomu ya PF3 inayojazwa na daktari. Palipo na kituo cha mkono kwa mkono, daktari, polisi na ustawi wa jamii hupatikana chini ya paa moja, na mtoto hahangaishwi kutoka ofisi hadi ofisi.

Usimhoji binti huyo wewe mwenyewe. Usiitishe kikao cha familia, hata kama babu wa ukoo atakuja kukuomba kwa heshima zote “tumalize kifamilia”. Nimeona mambo haya yakimalizwa kifamilia: mbuzi huchinjwa, wazee hula, na mtoto hulala katika nyumba ile ile.

Yule mama aliyekunong’oneza mwambie utakachofanya kabla hujakifanya, ili asikisikie mtaani akaona umemsaliti. Kisha kuanzia wiki ijayo badilini maneno ya ahadi yenu, yasomwe kwa sauti mwanzoni mwa kila kikao: yanayosemwa hapa hayatoki, isipokuwa uhai wa mtu au usalama wa mtoto ukiwa hatarini. Wapo watakaonyamaza kwa wiki mbili tatu baada ya kusikia hivyo. Waache wanyamaze, wanapima.

Kikundi chetu cha Majengo, Moshi, kilianza kwa ajili ya wanawake walioponea vipigo vya waume. Sasa wengi wanataka tuchangishane kila wiki tuwe VICOBA, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, wakidai kwamba bila fedha watu hawaji. Je, kuna ubaya?

Fedha si ubaya. Mwanamke mwenye akiba yake ana mlango wa kutokea ambao mwenye maneno matupu hana. Ubaya uko katika kuchanganya siku. Aliyechelewesha marejesho ataona haya kuingia chumbani, na mara nyingi amechelewesha kwa sababu ile ile iliyomleta kikundini, yaani mume amechukua mtaji au amempiga akashindwa kwenda gengeni wiki nzima. Atapita nyuma ya nyumba ili asikutane nanyi, nanyi mtamwandika kuwa mdaiwa sugu. VICOBA ifanyeni Jumatano, kwa katiba yake na mweka hazina wake. Jumamosi daftari la hisa lisionekane, na chai iwe chupa moja, kila wiki na mtu wake, ambaye hataulizwa kwa nini safari hii haina sukari.